Szigeti na Bartók: Fidla na piano zilizonaswa kabla ya kuhama nyumbani

JIONI ya Aprili 13, 1940, wanamuziki wawili wazaliwa wa Hungary walipanda jukwaani katika Ukumbi wa Coolidge, ulio ndani ya Maktaba ya Bunge la Marekani jijini Washington. Joseph Szigeti, aliyekuwa na umri wa miaka 47, alishika fidla. Béla Bartók, aliyekuwa na miaka 59, aliketi kwenye piano.

Siku nne tu kabla ya hapo, majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamevamia Denmark na Norway. Bartók alikuwa Marekani kwa ziara ya matamasha, na mwezi uliofuata angerejea Budapest kwenye nchi ambayo alikwisha kuona kwamba hangeweza kuendelea kuishi.

Wawili hao walipiga kazi nne. Moja ilikuwa ya zamani, yaani Sonata ya Kreutzer ambayo Ludwig van Beethoven aliitunga mwaka wa 1803. Tatu zilikuwa za karne ya 20: sonata ya Mfaransa Claude Debussy ya mwaka wa 1917, kisha Sonata ya Pili (1922) na Rapsodia ya Kwanza (1928) za Bartók mwenyewe. Mitambo ya kurekodi ilikuwa ikifanya kazi.

Rekodi ya usiku huo imedumu kuliko wenyewe walioupiga muziki huo. Inathaminiwa kwa sababu ndani yake mtunzi anasikika akicheza kazi zake na rafiki aliyezifahamu vyema, katika saa za mwisho kabla ya wote wawili kuwa wahamiaji. Aidha, inafichua jambo ambalo karatasi ya nota haiwezi kulieleza peke yake.

MUZIKI WA CHUMBANI

Muziki wa aina hii huitwa muziki wa chumbani. Huandikiwa wapigaji wachache, kila mmoja akiwa na sehemu yake peke yake. Hauna kiongozi anayesimama mbele na kijiti, kama ilivyo kwa okestra. Wapigaji husikilizana, hutazamana na kuvuta pumzi pamoja.

Hapo kale ulipigwa katika sebule za wenye mali, na baadaye ukahamia katika kumbi ndogo. Ukumbi wa Coolidge, uliofunguliwa mwaka wa 1925 kwa fedha za Elizabeth Sprague Coolidge, mfadhili mkubwa wa muziki huo, huchukua watu wapatao 500.

Kuunganisha fidla na piano si kazi nyepesi. Wasikilizaji wa taarabu wanaijua fidla: upinde hukokotwa juu ya nyuzi, na sauti inaweza kurefushwa, kutetemeshwa au kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine. Piano nayo hugonga nyuzi zake kwa nyundo. Sauti yake huanza kufifia pindi inapozaliwa, na haiwezi kuteleza.

Watunzi wa karne ya 19 walijaribu kuficha tofauti hiyo kwa kuvipa vyombo hivyo viwili mahadhi yaleyale, kimoja kikiyaanzisha na kingine kikiyapokea. Bartók hakutaka kuificha. Katika sonata zake mbili za fidla na piano, za mwaka wa 1921 na 1922, kila chombo kina mahadhi yake, na ni nadra kimoja kurudia kilichosemwa na kingine. Ni kama watu wawili wanaosimulia kisa kimoja, kila mtu kwa maneno yake, bila yeyote kumkatiza mwenzake.

Kwa hivyo, anayezipiga sonata hizo anahitaji mwenzi anayemwamini.

WATOTO WA HUNGARY

Szigeti alizaliwa Budapest mnamo Septemba 5, 1892, katika familia ya Kiyahudi. Alifunzwa fidla na Jenő Hubay, mwalimu aliyesifika kote Ulaya, na akaanza kupanda jukwaani akiwa bado mtoto. Kati ya mwaka wa 1917 na 1924 alikuwa mwalimu katika chuo cha muziki cha Geneva, Uswisi.

Hakuwa mpiga fidla wa kutafuta makofi kwa mbwembwe. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya wengi wa rika lake, lakini kila noti ilikuwa na sababu yake. Jambo hilo liliwavutia watunzi. Mbelgiji Eugène Ysaÿe alimtunukia ya kwanza kati ya sonata zake sita za fidla pekee, zilizotungwa mwaka wa 1923. Mnamo mwaka wa 1935 Szigeti alirekodi Konseto ya Kwanza ya Fidla ya Sergei Prokofiev, wakati kazi hiyo ilikuwa bado ngeni masikioni mwa wengi.

Bartók alizaliwa Machi 25, 1881, katika mji wa Nagyszentmiklós. Mji huo leo uko Romania, kwani mipaka ya Hungary ilichorwa upya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuwa mpiga piano wa daraja la juu na mwalimu katika Chuo cha Muziki cha Budapest. Hata hivyo, kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukusanya nyimbo za wanavijiji.

NYIMBO KWENYE NTA

Mnamo mwaka wa 1904 Bartók alimsikia msichana mtumishi kutoka Transylvania akiimba. Wimbo huo haukufanana na nyimbo za mjini ambazo watu wa Budapest walizichukulia kuwa ndizo za asili ya Hungary. Kuanzia mwaka wa 1906, yeye na mwenzake Zoltán Kodály walianza kuzunguka vijijini wakiwa na fonografu.

Fonografu ilikuwa mashine ya kuzungusha silinda ya nta. Mwimbaji aliimba mbele ya pembe, sauti ikatikisa sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba kwenye nta. Silinda moja ilibeba dakika chache tu, na kila ilipochezwa, ile sindano iliikwaruza zaidi. Kusikiliza kulikuwa pia kuharibu. Hivyo ilibidi Bartók aandike nota haraka na kwa makini, akirudia sehemu ngumu pasipo kuimaliza nta.

Hakuishia kwa Wahungari. Alikusanya nyimbo za Waromania na Waslovakia pia. Mwaka wa 1913 alivuka bahari hadi Biskra, nchini Algeria, kurekodi muziki wa Waarabu wa eneo hilo, na mwaka wa 1936 akaenda Uturuki kwa kazi hiyohiyo.

Upana huo wa moyo ulimletea lawama. Mnamo mwaka wa 1920, Hungary ilipokuwa ikipoteza sehemu kubwa ya ardhi yake, kuna waliomshutumu hadharani mjini Budapest kwa kuandika juu ya muziki wa Waromania. Yeye alishikilia kwamba nyimbo za majirani zimekopana kwa karne nyingi, na kwamba kukopana huko ndiko kunakozitajirisha.

Kutokana na safari hizo alijifunza kwamba nota ni kivuli cha wimbo tu. Mwanakijiji huchelewesha silabi hii, huharakisha ile, hupandisha sauti kwa kiasi kisicho na alama kwenye karatasi. Miaka mingi baadaye Bartók aliandika kwamba nakala ya kweli kabisa ya wimbo ni ule mfereji uliochorwa na sauti yenyewe kwenye rekodi.

KAZI WALIZOZIPIGA

Rapsodia ya Kwanza ilitokana moja kwa moja na safari hizo. Bartók aliitunga mwaka wa 1928 na kumtunukia Szigeti. Msingi wake ni nyimbo za dansi zilizopigwa kwa fidla na wanavijiji wa Transylvania. Ina sehemu mbili, kama desturi ya dansi za Kihungari ilivyo: ya kwanza ni ya mwendo wa taratibu wenye majivuno, ya pili ni ya kasi inayozidi kupanda. Huchukua yapata dakika 10.

Sonata ya Pili ni ngumu zaidi kwa msikilizaji mgeni. Bartók aliwaandikia sonata zake zote mbili Jelly d'Arányi, mpiga fidla mzaliwa wa Hungary aliyeishi Uingereza, na yeye mwenyewe kwenye piano. Nayo pia ina sehemu mbili, ya taratibu kisha ya kasi, lakini hapa hakuna wimbo wa kijiji ulionukuliwa. Kilichobaki ni lafudhi ya kijiji. Fidla huanza kama mtu anayejisemea peke yake, mapigo yakipanuka na kusinyaa. Mwishoni mwendo hutulia, na fidla hubaki juu kabisa huku piano ikiwa chini.

Sonata ya Debussy ina kisa chake cha huzuni. Mtunzi huyo aliikamilisha mwaka wa 1917 akiwa mgonjwa wa saratani, huku Ufaransa ikiwa vitani. Alikuwa amepanga kuandika sonata sita za vyombo mbalimbali, na katika kurasa za kichwa alijitambulisha kwa fahari kuwa mwanamuziki wa Ufaransa. Alimaliza tatu tu, na ya fidla ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Yeye mwenyewe alipiga piano ilipochezwa mara ya kwanza Paris mnamo Mei 5, 1917, pamoja na mcharaza fidla Gaston Poulet. Alifariki Machi 25, 1918.

Hivyo, mjini Washington, kazi ya mtunzi aliyeiaga dunia katikati ya vita vya kwanza ilipigwa na watu wawili waliokuwa wakiyaona makwao yakimezwa na vita vya pili.

SANTURI NA DAKIKA NNE

Szigeti na Bartók walikuwa wamekwisha kurekodi pamoja miaka 10 kabla ya hapo. Januari 1930, jijini London, walirekodia kampuni ya Columbia dansi za Kiromania ambazo Bartók alizitungia piano mwaka wa 1915, na ambazo mpiga fidla Zoltán Székely alizigeuza ziwe za fidla na piano. Walirekodi pia nyimbo za Kihungari zilizogeuzwa vivyo hivyo na Szigeti mwenyewe.

Santuri za enzi hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri kubwa ulibeba dakika nne hivi. Kazi fupi ziliingia vizuri. Kazi ya dakika 20 ililazimika kukatwa vipande vitano au zaidi. Wapigaji walisimama, wakangoja, kisha wakaanza tena mahali walipoachia, wakijitahidi kurudisha joto lilelile. Ukanda wa sumaku, unaoruhusu kukata na kuunga, haukuwa umefika studioni. Aliyekosea alirudia upande mzima.

Kipimo hicho cha dakika kiliathiri hata utunzi. Mwaka wa 1938 Szigeti alimwomba Bartók kazi ya fidla, klarineti na piano, ili aipige pamoja na Benny Goodman, bingwa wa jazi wa Marekani. Iliombwa kazi ya sehemu mbili ambazo zingeenea kwenye pande mbili za santuri. Bartók hakuweza kujibana hivyo. Mwishowe kazi hiyo, iitwayo Contrasts, ikawa na sehemu tatu. Watu hao watatu waliirekodi mnamo Mei 1940 kwa kampuni ya Columbia.

Tamasha la Washington lilikuwa kitu tofauti. Jukwaani hakuna aliyesimama kungoja santuri ibadilishwe. Hilo lilikuwa jukumu la mafundi. Sonata ya Kreutzer, ambayo hupita nusu saa, ilipigwa kwa mkupuo mbele ya watu, kila sehemu bila kukatizwa. Pale ambapo studio ingedai usahihi, hapa kulikuwa na hatari ya kweli, na wawili hao hawakuikwepa.

Anayesikiliza huku akifuata nota atashangaa. Bartók, aliyeandika kazi zake kwa alama nyingi za kina, haonekani kuwa mtumwa wa alama hizo. Mara nyingine hupiga noti za mkono mmoja zikifuatana kwa upesi badala ya kuzigonga zote kwa pamoja. Mara huchelewesha pigo, mara hulisukuma, kama msemaji anayekazia neno. Szigeti naye huteleza kati ya noti na kuubana upinde hadi sauti ikawa kavu, kisha huifungua. Ni uhuru uleule ambao nta ilikuwa imeunasa vijijini.

KUONDOKA BUDAPEST

Bartók alirejea nyumbani, ila si kwa muda mrefu. Msimamo wake ulijulikana. Ujerumani ilipoimeza Austria mnamo Machi 1938, alimwacha mchapishaji wake wa Vienna na kupeleka kazi zake kwa kampuni ya Boosey & Hawkes ya London. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa Wahungari 59, wasomi na wasanii, waliotia sahihi kupinga sheria ya kuwabagua Wayahudi. Wakati huo alikuwa akimtunza mama yake mzee, na hakutaka kumwacha. Mama huyo alifariki Desemba 1939.

Oktoba 8, 1940, Bartók na mkewe, mpiga piano Ditta Pásztory, walipiga tamasha la kuaga Budapest. Mwishoni mwa mwezi huo walifika New York. Szigeti naye alihamia Marekani mwaka huo wa 1940.

Maisha ya ugenini hayakuwa laini. Bartók alipewa kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia ya kuandika nota za nyimbo za Waserbia na Wakroatia zilizorekodiwa na mtafiti Milman Parry. Ilikuwa kazi aliyoipenda, lakini ilikuwa ya muda. Mialiko ya matamasha ilipungua, naye akaanza kuugua maradhi ambayo baadaye yalithibitishwa kuwa saratani ya damu.

Urafiki ulioanzia kwenye muziki ukaonekana nje ya jukwaa. Bartók hakukubali sadaka. Szigeti, pamoja na kiongozi wa okestra Fritz Reiner, walimshawishi Serge Koussevitzky wa Okestra ya Boston amwagize atunge kazi mpya, ili fedha zimfikie kama ujira wa halali. Mwaka wa 1943 Koussevitzky alimtembelea hospitalini na kumpa agizo hilo, ujira wake ukiwa dola 1,000.

Bartók aliandika Konseto ya Okestra kati ya Agosti na Oktoba mwaka huo. Ilichezwa mara ya kwanza Boston mnamo Desemba 1, 1944, na hadi leo ni miongoni mwa kazi zake zinazopigwa mara nyingi zaidi duniani. Mtunzi mwenyewe alifariki New York Septemba 26, 1945.

KILICHOBAKI

Szigeti aliendelea kupiga na kurekodi, hasa akiwa na mpiga piano Nikita Magaloff, ambaye pia alikuwa mkwewe. Alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka wa 1947 na kupata uraia wa Marekani mwaka wa 1951. Katika uzee wake mikono haikumtii kama zamani, lakini vijana walizidi kumwendea kutafuta mafunzo. Alifariki Lucerne, Uswisi, mnamo Februari 19, 1973.

Rekodi ya Washington ilikaa miaka mingi bila kusikika na umma. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Vanguard iliitoa kwenye santuri za muda mrefu, na tangu hapo imetolewa tena mara kadhaa, zikiwemo diski za CD. Mwaka wa 1981, miaka 100 tangu Bartók kuzaliwa, kampuni ya Hungaroton ya Hungary ilitoa mkusanyiko mkubwa wa rekodi zake. Mnamo Julai 1988 mabaki ya mtunzi huyo yalirudishwa kutoka Marekani na kuzikwa Budapest kwa heshima za kitaifa.

Leo zipo rekodi nyingi za sonata hizo, safi kuliko ile ya 1940. Wapigaji wake huingia studioni wakiwa wamekwisha kuwasikiliza Szigeti na Bartók, wengine ili wawafuate, wengine ili wajitenge nao. Wote hukabiliwa na swali lilelile: je, amri ni ya karatasi iliyoandikwa na mtunzi, au ni ya mkono wake unaosikika ukiikiuka?

Bartók, aliyetumia ujana wake akibeba silinda za nta katika njia za vumbi ili sauti za watu wengine zisipotee, hakuacha jibu la maandishi. Aliacha sauti yake kwenye piano, ikisikika nyuma ya mkwaruzo wa santuri, na fidla ya rafiki yake ikiwa kando.